Alama za Daftari la Mama

Mama hakujua kusoma, lakini aliandika kila wiki. Alhamisi alasiri wanawake sita saba wa kanisani walikuja kwetu mtaani Mbotela kuomba pamoja, na kila mmoja alimnong'onezea mama shida yake ili amkumbuke siku zote saba. Kwa kuwa mama hakukiamini kichwa chake, alijibunia maandishi, alama moja kwa kila shida: chungu kilichoinama, ngazi isiyo na vidato, jicho lenye mguu mmoja. Kila mwanamke alionyeshwa alama yake, na ya mwenzake hakuonyeshwa. Ombi likijibiwa, mama aliikata alama kwa mstari mmoja wa penseli, akatabasamu, akafunga daftari na kulirudisha chini ya godoro.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kichwa kikubwa. Nilikuwa najifunza kuandika mabango kwa fundi mmoja wa sokoni Gikomba, na herufi za mikia mirefu nilikuwa nimeziweza hata jina la kinyozi likitoka mkononi mwangu lilionekana limevaa suti. Lakini bango ni maneno ya mtu mwingine, nami nilitaka niitwe msanii. Basi niliposikia kwamba kazi za vijana zitaonyeshwa katika ukumbi wa mtaa, niliomba ubao kwa maseremala nikaanza kuchora.

Nilitandaza herufi zangu za mikia, juu yake nikarusha michoro ya ukuta wa sokoni: mishale, majina ya timu yaliyofutwa nusu, tusi moja nililolificha kwa rangi. Nilipokaa mbali kidogo niliona bango lililoandikwa na mlevi. Kuna kitu kilikosekana, na nilijua kilipo. Mama alipokwenda soko la Kariokor kununua katani ya kusukia vyondo, niliinua godoro.

Sikuiba, nilijiambia. Nani huiba mikwaruzo ya penseli? Kila mwizi ana hotuba yake, na hiyo ilikuwa yangu. Nilinakili alama kumi na tisa. Ya ukurasa wa kwanza, duara lililoachwa wazi upande mmoja na kijiti kimesimama ndani, ilinipendeza kuliko zote. Niliichora katikati kwa rangi nyekundu, kubwa kama sinia.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa. Fundi wangu alitikisa kichwa kwa kuridhika, na rafiki yangu mmoja akanipiga bega.

"Buda, hii ni kali! Inasema nini?"

"Haisemi kitu," nikamwambia. "Ni ya kuangalia tu."

Kisha mama akaingia na wenzake, wametoka ibadani, bado wamefunga vitambaa vyao vyeupe. Mmoja wao, muuza uji wa karibu na kwetu, alisimama mbele ya ubao akaweka kidole kwenye chungu kilichoinama.

"Hii ni yangu," alisema polepole. Aliye nyuma yake akajiziba mdomo kwa mkono. Yule wa uji akanigeukia. "Nani alikupatia hizi?"

Ningesema nimeiba, mambo yangeishia kwangu. Lakini fundi alikuwa anasikia, na rafiki yangu pia.

"Ni mama alinipatia," nikasema. "Aliniambia nizichore."

Mama alinitazama. Angeweza kunikana pale pale, na ilikuwa haki yake. "Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye nilimpatia."

Wanawake wale walifikiri kama mtu yeyote angefikiri: aliyepewa alama amepewa pia habari zake. "Kumbe sisi tunakuambia wewe, na wewe unaambia mtoto," alisema wa uji. Wakatoka bila kumngoja.

Alhamisi mama alipanga viti kama kawaida, akachemsha chai ya sufuria kubwa. Hakuja mtu. Tulikaa mpaka chai ikashika utando. Niliona aibu hata nikashindwa kuinua kikombe.

"Nitapita nyumba kwa nyumba niwaambie ukweli," nikasema.

"Utaenda lini?"

"Kesho."

Sikwenda kesho yake wala keshokutwa. Wizi ule naweza kuusimulia. Ile kesho ndiyo inayonichoma mpaka leo. Mama hakuniuliza tena. Wale wanawake waliendelea kuomba pamoja katika nyumba nyingine, na waliendelea kumsalimia njiani kwa adabu ile ya watu wasiotaka kusimama.

Lakini siku ile ya viti vitupu, kwa kutafuta la kusema tu, nilimwuliza ile alama kubwa ya katikati ni ya nani.

"Ni yako. Ndiyo ya kwanza niliyoandika."

"Ulikuwa unaniombea nini?"

"Upate kazi ya mikono yako, watu waione na waisifu."

Alilileta daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, akaikata alama yangu kwa mstari mmoja wa penseli. Safari hii hakutabasamu.