Kuku Waliokula Ukuta wa Shemsa

Mmenifuata mara tatu nieleze habari za Mboni na kuku wake, kana kwamba hapa Kigombe hakuna mwingine mwenye mdomo. Shule mimi niliishia darasa la pili. Lakini wengine mkiwaachia wataziharibu, kwa hiyo kaeni, na msinikatize.

Mboni alikuwa na kuku wa mayai ishirini na wawili. Mumewe alikwisha kumtangulia mbele ya haki, watoto wamehamia mjini isipokuwa Rahimu, na wale kuku ndio waliokuwa wakimwinua kitandani asubuhi. Mayai yao yalikuwa magumu; ukiligonga yai kwenye sufuria, inayolia ni sufuria. Walikuwa wakishinda ufukweni wakichakura, jioni wanarudi wenyewe. Kisha kicheche akala wanne kwa wiki moja. Rahimu akajenga banda la maana, sakafu ya saruji, wavu mbele, na kwa nyuma akatumia ukuta wa jirani yao, Bi Shemsa, wa ile nyumba ya mawe na chokaa aliyoachiwa na babu yake. Kuku wakafungiwa humo, wakawa wanakula pumba na mahindi.

Mwezi wa pili bandani mambo yakaharibika. Kwanza maganda yakawa membamba, yanapasuka mkononi. Halafu mayai yakaanza kutoka bila ganda, yana utando tu, ukilishika moja linabonyea kama shavu la mtoto. Kuku mmoja miguu ikamlegea, hasimami.

"Mama, huu ugonjwa," Rahimu akasema. "Ijumaa tunawachinja wote kabla hawajatufia."

"Kideri nakijua. Kuku wa kideri hali. Hawa wanakula mpaka wanakomba chombo."

"Basi kama si kideri ni nini?"

"Ni jicho. Na mwenye jicho namjua."

Alikwisha kata shauri kwamba ni Shemsa. Siku aliyokuja kuchukua mayai ya keki za Idi, Shemsa alisema, "Lo, mayai gani haya, kama ya bata!" na mashaallah hakuitamka. Mboni akahesabu siku, akaona zinaangukia hapo hapo. Akaacha kumsalimia. Akawafunga kuku wote uzi mweusi mguuni. Mayai yakazidi kulegea.

Jumatano asubuhi Shemsa akaja, hata hodi hakupiga.

"Mboni! Salamu umeninyima, nimenyamaza. Sasa kuku wako wanakula nyumba ya babu yangu!"

"Kuku wakala nyumba? Wameota meno?"

"Njoo utazame, mwanamke we! Bado kidogo watatokea chumbani kwangu."

Wakaingia bandani wote wawili, wameinama. Ukuta ulikuwa na mashimo, mengine ngumi inaingia. Na pale pale kuku watano wamejipanga wanadonoa chokaa, pumba imejaa kwenye chombo, hawana habari nayo.

Mboni akaokota kipande cha chokaa kilichoanguka, akakigeuzageuza. Alikumbuka walivyokuwa wakichakura ufukweni. Hawakuwa wakitafuta wadudu peke yake. Walikuwa wakiokota vipande vya makome, yale maganda ya konokono wa baharini, wanavimeza.

"Shemsa," akasema, "hawa wanatafuta cha kutengenezea ganda. Watakipata wapi, nami nimewafungia na pumba?"

"Kwa hiyo si jicho langu? Nyuzi nimeziona, usidhani mimi mjinga."

"Ungesema mashaallah ningekufikiria vingine."

Hiyo ndiyo radhi aliyoiomba Mboni, na kwa Mboni hiyo ni nyingi.

"Mashaallah! Haya, nimesema. Na ukuta wangu?"

"Rahimu atauziba."

Alasiri, maji yalipokupwa, wakaenda pamoja kuokota makome, kikapu kizima. Mboni akayaosha kwa maji ya kisima mara tatu, maana chumvi nyingi inaua kuku. Akayaanika, akayatwanga kwenye kinu, lakini si kuwa unga. Yalibaki kama chenga za mchele. Akayatia kwenye chombo cha peke yake, kila kuku ale anavyotaka. Yule wa miguu akamlisha kwa mkono.

"Mama, Ijumaa ni keshokutwa."

"Ijumaa ziko nyingi. Ukitaka kuchinja, anza na mimi."

Ijumaa ile kisu hakikutoka jikoni. Iliyofuata, Mboni aliokota mayai kumi na manne, mawili tu ndiyo yaliyokuwa na ganda jembamba. Akampa Rahimu moja, "Haya, libonye." Rahimu akalishika ncha kwa ncha, akabonya mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Yai likabaki yai. Yule wa miguu naye akasimama, akaanza kuwanyang'anya wenzake chakula. Hakuchinjwa hata mmoja.

Nimemaliza. Sasa nanyi mliokuja kunitoa jikoni, nendeni mkatazame kuku wenu wanadonoa nini. Kisha kila mmoja aniletee kikapu cha makome, maana mimi na Mboni migongo haiinami tena kama zamani. Na muyaoshe. Nitayalamba nione kama yana chumvi.