Noti Kali ya Mwalimu Ottorino

Mjini Lucca ukitaja jina la Ottorino Bargellini, watu walikumbuka noti moja. Nyimbo za kale za sauti tatu alizihariri tele, akaziimba na kikundi chake, lakini sifa zote zilitokana na ile moja, katikati ya wimbo wa mapenzi, iliyogongana na sauti ya chini hadi wasikilizaji wakakunja nyuso. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ottorino aliiandikia kitabu kizima. Mtunzi, alidai, aliwatangulia wenzake kwa miaka mia sita.

Aliyepaswa kuuimba ujasiri huo ni Fosca, mwenye sauti ya juu kikundini.

"Mwalimu, noti hii inanitia ganzi meno."

"Imba, mama. Wazee wetu hawakuwa waoga."

"Walikuwa na masikio lakini."

"Fosca!"

Akaimba, miaka nenda miaka rudi.

Kitabu kilipotakiwa kuchapwa upya, Ottorino akaenda Firenze kuitazama ngozi yenyewe ulikoandikwa wimbo huo, maana siku zote alikuwa amehariri kutoka kwenye picha. Akainama na kioo cha kukuzia. Noti nyingine zilikuwa za wino uliozama ngozini. Yake ilikuwa imevimba, na madoa mawili yanayofanana nayo yalikaa nje kabisa ya mistari. Kinyesi cha nzi. Hatua moja chini yake ilijificha noti ya kweli, imefifia, ya kawaida kama mkate. Aliona aibu.

Alimweleza Fosca, akitegemea huruma.

"Yaani miaka yote hii nilikuwa namwimbia nzi? Na ukanifokea mbele za watu!"

Kwenye tamasha la kanisani Ottorino alikusudia kutangaza kosa lake kabla ya kuanza, lakini akaishia kuinua mkono kuanzisha wimbo. Fosca akaimba noti ya kweli. Watu wakatazamana. Nje, shabiki mmoja wa siku nyingi akamshika Ottorino mkono.

"Pole, Mwalimu. Mama kaharibu pale penyewe. Umri nao!"

Fosca alisikia. Akamgeukia Ottorino. Mwalimu akinyamaza, jina lake litasalimika na la Fosca litakwenda na maji.

"Hakukosea," akasema kwa nguvu. "Nilikosea mimi, tangu mwanzo. Ile noti ilikuwa kinyesi cha nzi!"

Yule shabiki akafuta machozi.

"Mnamsikia? Anajitukana ili amsitiri mwimbaji wake. Huyu ndiye muungwana!"

Makofi yakalipuka. Fosca akajifunga skafu yake.

"Haya, inama, Mwalimu," akamwambia. "Wanampigia nzi."