Nati za Pikapu ya Steeve

"Usimpe yule mzee gari lako," Ghislaine, jirani yangu, aliniambia huku akifagia majani barazani kwake. "Siku ile alikuwa amelewa chakari. Nati za mkwewe alizifunga kwa vidole, kama mtu anayefunika chupa ya achari."

"Ulimwona akinywa?"

"Mtaa mzima unajua."

Mtaa huohuo, kila vuli kabla theluji haijashika, ulikuwa ukipanga magari mbele ya banda la Normand Gaudreault, mstaafu wa mgodini hapa Chibougamau, mji wetu wa baridi kaskazini. Alitoa matairi ya kiangazi, akaandika kwa chaki juu ya kila moja mahali lilipokuwa, mbele kushoto, nyuma kulia, kisha akafunga ya theluji. Malipo hakutaka. Ukimpelekea pai ya nyama alishukuru; usipompelekea, alikuuliza hali ya watoto. Sharti lake lilikuwa moja: uendeshe, kesho yake urudi akaze mara ya pili, kwa sababu gurudumu likishatembea hujikalisha na nati hulegea. Usiporudi alikufuata. Niliwahi kumwona mlangoni kwa watu asubuhi, spana mkononi, mwenye nyumba bado yuko na nguo za kulalia.

Mwaka jana, wiki ya kuwinda kulungu, Steeve, mume wa binti yake Maryse, alimletea pikapu. Nilikuwa dirishani nikimnyonyesha mwanangu. Normand alipomaliza, aligonga mlango wa gari kwa kiganja.

"Kesho asubuhi, Steeve, kabla hujaingia msituni."

"Sawa, baba mkwe, sawa! Ila kulungu hawaisubiri spana yako."

Asubuhi Normand alisimama ukingoni mwa barabara, spana mkononi. Pikapu ikapita. Steeve akapiga honi, akapunga mkono, akaenda zake. Mzee alipiga simu mpaka akachoka. Msituni hakuna mtandao. Jioni tukasikia gurudumu la mbele limechomoka kwenye barabara ya malori ya magogo na pikapu imebiringika. Hospitali walimkata Steeve mguu chini ya goti.

Nilimweleza Ghislaine niliyoyaona. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayesimulia ndoto.

"Wewe umehamia juzi tu, mpenzi."

Steeve mwenyewe anajua. Amenyamaza, na kimya kinamfaa, maana mkewe amepata wa kumlaumu ambaye halali naye kitanda kimoja. Magari ya mtaa sasa yanapanga foleni kwenye gereji ya mjini. Lakini hilo silo linalomla Normand. Kinachomla ni Zoé, mjukuu wake. Kila Jumamosi yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka kuteleza kwenye barafu, akipiga magoti kumfunga kamba za viatu. Tangu ajali, Maryse amemkataza mtoto kukanyaga gari la babu yake.

Jana nilipita bandani kwake na mwanangu mgongoni. Pikapu ya Normand ilikuwa juu ya jeki, magurudumu ya theluji yamepachikwa, nati zimeshikizwa tu. Yeye amekaa juu ya ndoo, anayatazama.

"Maryse amelegea kidogo," alisema. "Zoé ataruhusiwa, ila magurudumu yangu yafungwe na mtu mwingine. Gereji wamejaa. Ghislaine nimemwomba, amenifungia mlango."

"Kwa nini humwambii Maryse kwamba Steeve hakurudi? Mimi niliona. Nitasema."

"Usithubutu." Alikuwa mkali, kisha sauti ikashuka. "Steeve amebaki na mguu mmoja. Nimwondolee na mke?"

Nje theluji nyepesi ilikuwa imeanza, ile isiyoshika chini.

Aliinuka akaniletea spana, akamtoa mwanangu mgongoni kwangu na kumpakata. Maisha yangu yote sijawahi kukaza nati hata moja, na yeye anajua.

"Anza na ya juu, kisha ile inayoikabili chini. Usizifuate kwa mzunguko. Weka uzito wako wote, usizionee huruma. Mimi nitakaa hapa na mtoto, mikono yangu isiguse kitu. Ukimaliza, mpigie Maryse. Mwambie ni wewe uliyekaza, mimi sikuwepo hata karibu."