Alphonse, Mama Mkwe na Mbwa Kiziwi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Ziwa la Mawe Mawili, walio hai, walio nusu hai na wale wanaocheza bingo ya redioni, kwamba Bwana Alphonse Ballantyne, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu na uzito wa kilo mia moja na kumi, mtu aliyewahi kumtoa dubu jikoni kwa fagio, sasa anasema Kikrii, lugha ya wenyeji asilia wa huku kaskazini. Wenye magoti wasimame. Wenye nywele wavue kofia.

Bango la shule lilidai kwamba tulikwenda darasa la Kikrii kwa kuupenda utamaduni. Sisi wengine labda. Alphonse alipelekwa na woga. Alikuwa akimwogopa mwanamke wa futi tano kasoro, Bibi Philomene Linklater, mama mzazi wa mkewe Rosalie, na ubaya zaidi, mwenye nyumba. Alphonse na Rosalie wanalala chumba cha nyuma.

Kwa miaka kumi na mmoja Bibi Philomene hakuwahi kumwambia mkwewe hata "umeamkaje". Alphonse akiingia, bibi anageukia jiko la kuni. Akiketi mezani, bibi anahamia dirishani na kitambaa cha kichwani kinashuka mpaka kwenye nyusi. Sahani yake hupitia mikononi mwa Rosalie. Rosalie asipokuwepo, bibi humnung'unikia Sajini, mbwa mzee kiziwi anayelala chini ya meza, halafu sahani inabaki ukingoni mwa jiko kama kitu kilichosahauliwa.

Wapo wanaume hapa kijijini ambao wangefunga siku arobaini ili wajaliwe mama mkwe wa namna hiyo. Lakini Alphonse, kama watoto wengi wa kwetu enzi zile, alichukuliwa na gari la serikali akiwa na miaka minne, akalelewa kusini, mjini, katika nyumba za watu. Saba kwa jumla. Na kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo: mama wa nyumba akishaacha kusema naye, wiki haimaliziki kabla begi lake halijawekwa mlangoni. Ndiyo maana kila jioni akirudi kutoka ziwani, kabla ya kuvua viatu, anatazama kizingiti. Miaka kumi na mmoja anakitazama.

Mwaka jana baba mkwe akafariki, akaacha eneo lake la kutegea wanyama wa manyoya kule juu ya mto: kibanda, mitego ya chuma, na njia ya siku mbili msituni. Alphonse alikuwa amelitembea na mzee kwa majira tisa ya baridi, wakielewana kwa vidole na vicheko. Sasa neno la nani arithi eneo hilo lilikuwa la Bibi Philomene, naye alisema atalitoa kabla ziwa halijaganda. Mwingine aliyelitaka ni Marius, mpwa wa bibi, ambaye hawezi kuwasha moto hata ukimpa petroli, ila Kikrii anakitema kama kasisi aliyemeza redio.

"Atapewa Marius," Alphonse aliniambia. "Halafu mimi nitawekewa begi."

"Huyo bibi ataliinua begi lako kwa nguvu gani?"

"Wewe cheka tu. Nitajifunza, nimwambie kwa mdomo wangu."

Basi kila Alhamisi tukashuka chumba cha chini cha shule kwa mwalimu wetu, Mzee Zacharie. Siku ya kwanza mzee akatueleza kwamba katika Kikrii soksi huhesabiwa kiumbe hai, kiatu hapana. Alphonse akazitazama soksi zake kama mtu aliyegundua kwamba anafuatwa.

"Mwalimu, na nikikosea?"

"Utachekwa."

"Na nani?"

"Na shangazi zako wote, wa juu ya ardhi na wa chini. Haya, rudia."

Alirudia kwa miezi minane. Alirudia akipasua kuni, akitoa samaki nyavuni, akiwa chooni. Mwishowe akaandika maneno yake kwenye karatasi: "Mama, nitazame. Nimefanya kazi na mzee miaka tisa. Usinifukuze." Mzee Zacharie, Mkatoliki mpaka kwenye kope, alidhani ni sala ya Bikira Maria. Akamwongezea "tafadhali" na kumpigapiga begani.

Oktoba barafu ikaanza kuuma kingo za ziwa. Jioni moja Rosalie akiwa bado kazini zahanati, Alphonse alisimama katikati ya jikoni, kati ya Bibi Philomene na dirisha lake, akayasema yote. Yote, bila kukosea, akimtazama machoni.

Kikaango kilianguka na samaki wake. Bibi akaufunika uso mzima kwa kitambaa, akaupapasa ukuta kama kipofu mpaka chumbani kwake, na mlango ukafungwa. Sajini akala samaki.

Rosalie alipofika alimkuta mumewe ameketi sakafuni.

"Umefanya nini?"

"Nimesema naye."

"Ana kwa ana? Alphonse! Mwanamume anasema na mama mkwe wake? Baba yangu alizikwa hajawahi kumtazama mama mkwe wake usoni!"

"Hakuna aliyeniambia!"

"Nani anamwambia mtu kwamba maji yanalowesha? Nilidhani unajua! Miaka yote najisifu kwa watu, mume wangu kalelewa mjini lakini adabu anayo, wala hathubutu kumsemesha mama!"

"Nilikuwa sijui Kikrii, Rosalie. Ningemsemesha kwa lugha gani?" Akainua kichwa. "Kwa hiyo hanichukii?"

"Alikuwa anakuheshimu, mjinga wewe. Sasa sijui."

Siku tatu bibi hakutoka chumbani Alphonse akiwa ndani. Siku tatu Alphonse hakumeza kitu zaidi ya chai. Usiku wa tatu alifungasha begi mwenyewe, akaliweka mlangoni, kwa sababu aliona ni nafuu kuliko kulikuta.

Asubuhi Rosalie alikwenda zahanati. Alphonse aliketi mezani, macho sakafuni, akisubiri. Mlango wa chumba ukalia. Miguu ikaburuta hadi jikoni. Bibi akampa mgongo, akafungua jiko, akatia kuni, akaanza kunung'unika.

"Sajini," alisema kwa Kikrii. "Mwambie huyo aliyeketi hapo, mitego ya mzee ina kutu. Aipake mafuta kabla ziwa halijaganda. Na paa la kibanda linavuja upande wa jiko. Marius hawezi kupanda paa, ataanguka afe, nibaki na kesi. Na begi liondoke mlangoni, nitavunja nyonga."

Alphonse hakushika yote. Alishika mitego, mafuta, paa, begi. Na sauti ile aliijua. Ndiyo ile ile ya miaka kumi na mmoja, aliyodhani ni bibi anayempenda mbwa kuliko yeye, asiitegee sikio hata alipoanza darasa. Sasa maneno yalimfunguka: Sajini, mwambie ale, chakula kinapoa. Sajini, mwambie avae kofia, nje kuna upepo.

Aliinama chini ya meza, karibu kabisa na sikio la kiziwi yule.

"Sajini," alinong'ona, "mwambie nimesikia."

Mabega ya bibi yakatikisika. Alikuwa analia au anacheka? Alphonse hakuthubutu kutazama. Aliinuka kinyumenyume, akachukua begi, akalirudisha chumba cha nyuma.

Kijiji kikishajua jambo hakihitaji redio. Alhamisi Mzee Zacharie alimsimamisha mbele ya darasa, akakohoa, akapanua mikono kama anayetaka kubatiza.

"Wanafunzi! Mtazameni mtu aliyevuka bonde la kimya! Tuambie, mwanangu, Bi Philomene alipofungua kinywa kusema nawe baada ya miaka kumi na mmoja, moyo wako ulisikia nini?"

Alphonse alitupa jicho kizingitini kwanza.

"Hajasema na mimi, mwalimu. Alikuwa anaongea na mbwa."