Siku Nilipoachia Pedali

Darasa la pili ndio mwisho wangu, lakini kutoa hewa kwenye breki naweza kumfundisha fundi yeyote wa Arua. Wajukuu wangu wanajaza lori, na wote wanajua bibi yao anajua gari.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipokaribia Arua, watu walikuwa wanakimbia kupitia Koboko, wavuke Sudani. Watoto wetu walishatangulia na dada yangu. Sisi tulibaki kwa sababu ya baba mkwe, hakuweza kutembea mbali, na gari letu kuukuu lilikuwa juu ya mawe. Silinda ya breki ilivuja. Mume wangu akabadilisha raba yake ya ndani, akafunga ngoma ya gurudumu. Mafuta ya breki yalikuwa kopo moja tu, la kutoka Kongo, na tulishalimimina lote.

Mimi kwenye usukani, yeye chini gurudumuni.

"Kanyaga!" Nakanyaga. "Shika!" Nabana mguu chini, yeye anafungua nati ndogo, hewa inatoka na povu lake kwa kimpira mpaka kwenye chupa ya kukingia mafuta. Huachii mpaka afunge, la sivyo hewa inarudi ndani na breki hazishiki.

Nikiwa nimeshika, baba mkwe akatokea na kifurushi chake. Kwetu mke hamsalimii baba mkwe amekaa juu kama chifu. Nikashuka, nikapiga magoti.

"We mama! Nani alisema achia?" mume wangu akafoka kutoka chini.

"Baba amekuja."

"Baba amekuja, na hewa imeingia!"

"Wacha kelele," mzee akasema. "Yeye iko na adabu. Wewe hata salamu hakuna."

Mume wangu akarudisha mafuta ya kwenye chupa, machafu, yana povu. Pedali ikawa laini kama uji. Bunduki zikalia upande wa mjini.

"Tunaenda," akasema. "Nitakuwa napiga pedali mara tatu tatu mpaka ishike."

Mzee tukamweka mbele, mahali pa heshima. Karibu na Koboko, kwenye mteremko, lori lilikuwa limekwama njiani. Mume wangu akapiga tatu, akapiga nne. Pedali ikalala sakafuni. Akalitupa gari kwenye ukingo wa udongo.

Mzee kifua chake kiligonga mbele, akapumua kwa shida mpaka alasiri, akakata roho. Tulimzika kijijini Kuluba, katika shamba la muhogo la watu, ndani ya kitenge changu.

Ndugu za mzee walipouliza, mume wangu alisema gari lilikuwa bovu, hakutaja pedali. Mimi nikawapakulia chakula.