Zongo la Sudi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hakuna kazi iliyonichosha kama kumlisha mdogo wangu Sudi. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Ukimpelekea kijiko anageuza uso. Ukimwimbia anacheka, ukidhani sasa umepata nafasi, anafumba mdomo. Ukimlazimisha anatema, tena anakutemea wewe, na sare ya shule bado unayo mwilini.

Tuliishi Observatory, Johannesburg, kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba, familia nne ua mmoja. Mama aliuza nguo Fordsburg, akiondoka asubuhi na kurudi magharibi. Baba alikuwa dereva wa malori, tukimwona kwa nadra. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Tanga kututembelea, akakaa. Magoti yalimsumbua, kwa hiyo kumkimbiza Sudi na bakuli mkononi ikawa kazi yangu nikitoka shule.

Kila jioni Mama alinihoji kama polisi.

"Kala nini leo?"

"Kala kidogo."

"Kidogo gani? Vijiko vingapi?"

Nani anahesabu vijiko? Vingine viko ukutani, vingine viko kwenye nywele zake. Kisha Mama mwenyewe anajaribu kumpa chakula cha usiku, Bibi ameinama upande huu, mimi nimeshika kikombe upande ule, sote macho kwenye mdomo mmoja. Sudi anakaza midomo.

Nilichokuwa sisemi ni hiki. Mchana, Bibi akishasali adhuhuri na kujilaza, nilikuwa nampeleka Sudi chumba cha pili kwa Mama Fabrice, mwanamke wa Burundi aliyesuka watu nywele pale nyumbani, ili mimi nikaruke kamba na wenzangu barabarani. Bibi alikuwa amekataza tusile kwa watu. Lakini Mama Fabrice alimkalisha Sudi kwenye mkeka pamoja na Fabrice, mwanawe wa miaka minne, akawawekea sahani moja ya maharage na ndizi za kupika, akarudi kwenye vichwa vya wateja wake. Nikimfuata Sudi, namkuta ana maharage hadi masikioni. Jioni angekula nini tena?

Siku moja, kwenye bomba la uani, Mama Fabrice alimfinya Sudi shavu. "Huyu mutoto anakula, Bibi! Anakula kabisa!"

Hakusema mashallah. Bibi aliingia ndani uso umembadilika.

"Huyu mtoto ana zongo," alimwambia Mama jioni ile. Kwao zongo ni jicho la mtu: anakutazama ukila, anakusifu au anatamani, na kuanzia hapo chakula kinakukataa. "Anajuaje kama mtoto anakula sana? Amemtazama lini?"

Nilijua jibu la maswali yote mawili. Nikaendelea kukunja nguo.

Bibi alichukua pilipili kavu saba na chumvi, akamzungushia Sudi kichwani, akatupa kwenye chetezo. Zikiungua zikatukohoza, mtoto hana kitu. Zisipotukohoza, ana zongo. Hatukukohoa.

"Mmeona?"

"Bibi, dirisha liko wazi," nikasema.

"Nyamaza wewe!"

Asubuhi ya Jumamosi alimfuata Mama Fabrice kwenye kamba ya nguo, watu wote wa uani wakisikia. "Ondoa jicho lako kwa mjukuu wangu."

"Jicho? Mimi nimemufanya nini mutoto?"

"Tangu umtazame, hali."

Mama Fabrice akanigeukia. Alingoja mimi niseme. Nikaangalia ndala zangu. Alijua Bibi angenicharaza, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu, maana alishusha pumzi, akasema taratibu, "Sawa, Bibi. Sitamutazama tena." Akaingia ndani, akafunga mlango, nguo zake zikabaki kwenye beseni.

Baada ya hapo Sudi akakonda kweli. Mchana alikwenda kuugonga mlango ule kwa viganja akilia, nami namvuta mkono. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Na Bibi, jambo lililonitia wazimu, akawa anatuambia, "Si niliwaambia?"

Mwezi ulipoisha Mama alimpeleka kliniki, nami nikafuatana naye. Nesi alimpima, akaifungua kadi yake. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri miezi yote, mwezi huu tu umeshuka.

"Mpaka mwezi uliopita alikuwa anakula vizuri sana," nesi alisema. "Kumebadilika nini?"

"Alikuwa hali!" Mama akasema. "Tunahangaika naye kila siku."

"Mama, mstari haudanganyi. Alikuwa anakula."

Hapo nikaangua kilio. "Alikuwa anakula kwa Mama Fabrice. Kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka."

Mama hakunipiga. Alimfunga Sudi mgongoni, tukarudi nyumbani. Tulipofika alipita mlango wetu, akagonga wa jirani.

"Dada, nisamehe."

Mama Fabrice alimchukua Sudi mikononi, akamtazama mbavu, akatikisa kichwa. "Hana ugonjwa huyu. Hapendi kulishwa watu wote wakimukodolea macho. Muweke na mwenzake, umwache."

Kesho yake Sudi alirudi kwenye mkeka. Lakini tangu siku hiyo Mama Fabrice hakumpa hata tonge kabla hajapaza sauti kutoka mlangoni, "Bibi, ninamulisha!" Na Bibi, bila kugeuka, alijibu, "Haya, mlishe." Sudi alinenepa tena. Mpaka anakufa, Bibi aliamini ni zile pilipili zilizomponya.

Zamani hasira zangu zote nilimwelekezea Bibi. Siku hizi nina mtoto wangu, nami hushika kijiko nikamwinamia vilevile, kwa hofu ileile, simlaumu tena Bibi. Alikuwa mwanamke mgeni, mbali na kwao, akiogopa mjukuu atamfia mikononi, akatumia alichokijua. Mimi nilijua kila kitu. Mama Fabrice alikubali kuitwa mwenye jicho mbele ya ua mzima ili mimi nisichapwe, na sijawahi kumwomba msamaha kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama aliomba kwa niaba ya nyumba nzima, nami nikajificha humo.