Simu Isiyodaiwa

Mume wangu alikuwa mwadilifu kwa kila kitu kinachoweza kupimwa kwa mizani. Akirudi safari na leso, zilikuwa doti mbili za rangi moja, yangu na ya mke mwenzangu. Sukari ilikuwa paketi kwa paketi. Zamu ilikuwa siku mbili kwangu na mbili kwake, na hakuwahi kupitiliza kwa yeyote. Lakini kazi yake ilikuwa kuendesha lori la makontena kutoka Changamwe mpaka Kampala, na siku nyingi za mwezi alikuwa barabarani. Huko barabarani ndiko uadilifu wake ulikoanza kuvuja.

Tulikaa Utange, kiwanja kimoja, milango miwili, ua mmoja. Mimi ndiye bi mkubwa. Asubuhi nakaanga mahamri, jioni viazi karai. Mwenzangu alitoka bara, akasilimu, akaolewa, akafungua kibanda cha kusuka nywele mbele ya nyumba. Kiswahili chake kilinikwaruza masikio, lakini mume wangu alikiona kitamu. Nilimwonea wivu tangu siku aliyoingia na begi lake la magurudumu, na sioni haya kusema. Wanaosema mke mwenza ni kama dada, nadhani hawakupata kugawana naye ua.

Siku moja mwenzangu akaja na simu ya kioo kitupu, pana, inang'aa. Alikuwa ametoa pesa kidogo tu dukani, akaondoka nayo. Zilizobaki angelipa kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na mulika mwizi yangu ya vitufe, ambayo ubora wake mkubwa ulikuwa tochi.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," nikamwambia.

"Hii si kukopa, Dada, ni kulipa mdogo mdogo. Saa hii kila mtu ananunua hivyo."

"Mimi nitanunua yangu taslimu. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Akacheka, akanipiga picha bila kuniomba. Nilivyotoka kwenye picha ile ndivyo hasa nilivyokuwa nikijisikia.

Tangu hapo nikawa na mume wa sauti, mwenzangu akawa na mume wa sura. Kwangu alipiga akasema, "Nimefika salama. Watoto wazima? Haya, niombeeni dua." Kwake alikaa kwenye simu. Nilikuwa nikiosha sufuria uani, namsikia anacheka, anamwonyesha mvua ya Kampala, anamwonyesha sahani ya matoke na kumwambia hayana chumvi. Mimi hakuwahi kuniambia lolote kuhusu chumvi ya matoke.

Tukiwa bombani asubuhi moja, mwenzangu akasema, "Lakini bila ndevu anakaa kijana, ama?"

"Nani?"

"Si Mzee. Amenyoa. Kumbe hajakwambia?"

Ndevu zile nilizipaka mafuta ya nazi kwa mikono yangu tangu zilipokuwa manyoya matatu kidevuni. Siku hiyo karai zima la mahamri liliungua, na wateja walioyalalamikia niliwaambia waende wakanunue mkate.

Tena lilikuwapo jambo la zamu. Safari ile mume wangu aliondoka katikati ya zamu yangu. Siku ya kwanza alilala, ya pili akaitwa bandarini. Kwa hesabu yangu zamu ile ilikuwa haijaisha, kwa hiyo njia nzima ilikuwa yangu, na uso wake, popote ulipo, ulikuwa haki yangu. Nikaenda Kisauni kwa somo wangu, bibi aliyenifunda nilipokuwa mwali.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Waja na uso huo, kwema?"

Nikamweleza yote, na hesabu yangu ya zamu. Alicheka mpaka akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Weye! Zamu ni ya kulala, mwanangu. Ya kutazamana kwenye simu sijaisikia. Nunua yako, mambo yaishe."

"Nanunua, wallahi. Lakini kwa pesa zangu, zote mara moja. Sitaki kudaiwa."

"Basi mwenzio ataendelea kumwona mume, na weye wajaza kopo."

Niliagana naye vizuri, nikamkasirikia njia nzima.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Kila jioni nilitia humo faida ya viazi. Idi ilipita sina dera jipya. Haba na haba hujaza kibaba, nami nilikuwa nimeisema methali hiyo maisha yangu yote. Ila hakuna aliyenitahadharisha kwamba kibaba huchelewa sana kujaa ukiwa unasikia mwenzio anakula chumba cha pili.

Ndipo ukaja mwezi wa kufungua shule. Wanawake wote walikuwa wakikimbizana na karo, hakuna aliyesuka. Mwisho wa mwezi ukampita mwenzangu, na simu ikajifunga. Nilikwenda kuiona mwenyewe. Kioo kilikuwa na maandishi ya kumtaka alipe, basi, ukikigusa hakikujibu. Simu iko mkononi mwake, ufunguo uko dukani.

Alinijia mlangoni, macho mekundu. "Dada, niongezee kidogo tu. Nitakurudishia. Sijamwona tangu jana."

"Mimi sikopi," nikamwambia, "na sikopeshi."

Nilisikia raha. Sitaipamba wala kuipunguza. Nilikula wali wangu wa jioni na ndimu na pilipili, na nikaongeza sahani.

Kesho yake nilipomaliza mahamri nilichukua kopo, nikaenda duka moja la simu Kongowea. Muuzaji alinikaribisha kwa maneno matamu.

"Mama, kwa nini utoe zote? Toa kidogo leo, uondoke nayo, zingine mdogo mdogo."

"Nataka hata nikiiangusha, iwe yangu inayovunjika."

Akazihesabu noti zangu zilizonuka mafuta, akanipa boksi. Nililibeba kifuani chini ya buibui mpaka nyumbani. Binti yangu akanitilia laini na kila kinachotakiwa, akamtumia babake ujumbe kwamba Mama sasa ana simu ya kisasa.

Jioni ile viazi sikukaanga. Nilioga, nikavaa dera la zambarau, nikatia wanja, nikaketi kando ya dirisha ambapo mwanga ulinipenda. Uani kulikuwa kimya. Mwenzangu alikuwa akifua. Simu ikalia.

Alikuwa ndani ya lori, kofia kichwani. Ndevu zilikuwa zimeanza kuota tena, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

"Mashallah, bi mkubwa! Nawe umeingia dunia hii?"

"Nimeingia. Na haidaiwi hata senti."

"Nakujua wewe. Umependeza."

Akauliza watoto, akauliza mguu wangu unaouma wakati wa baridi. Kisha nikaona macho yake yanakwenda pembeni, kama anayechungulia nyuma ya bega langu.

"Mwenzio yuko? Simu yake siipati tangu juzi, sina raha kabisa. Hebu mpelekee nimwone."

"Bando litaisha," nikasema.

"Nakutumia sasa hivi."

Na akatuma. Mimi miaka yote kumwomba salio ilikuwa kazi ya siku mbili, na leo ujumbe uliingia kabla sijainuka kitini. Nikavuka ua na uso wa mume wangu mkononi, wote mzima, akitazama dari na kamba za nguo. Mwenzangu alipangusa povu kwenye dera lake, akaipokea kwa mikono miwili, akaingia chumbani, akashusha pazia.

Nilikaa kwenye mbuzi nikaanza kukuna nazi, maana sikujua niweke wapi mikono. Nilimsikia akimweleza kuhusu mwezi mbaya, naye akimbembeleza. Kisha wakacheka, na simu yangu ikacheka pamoja nao. Nazi iliisha nikaendelea kukuna kifuu.

Aliponirudishia ilikuwa ya moto, na chaji imekwisha.